Jibu: Sukari inayonasa virusi vya mafua

Dada, umeuliza kama sukari ya vipimo vya mafua ni hii ya chai. Hapana. Ni asidi ya siali, aina ya sukari iliyotanda juu ya seli za koo na mapafu yetu. Kirusi cha influenza hujishika hapo kwa protini yake, hemaglutinini, kabla ya kuingia. Kutengeneza kipimo, wataalamu huibandika sukari hiyo kwenye chembe ndogo mno za dhahabu. Virusi vikizikusanya chembe hizo, maji yaliyo nazo, mekundu kama juisi ya tikiti, hugeuka zambarau. Unaona kwa macho!

Sukari hiyo huungana na sukari ya jirani yake kwa njia mbalimbali: virusi vya binadamu hupendelea muungano uitwao alfa 2,6, vya ndege alfa 2,3. Sisi tunaofuga kuku hapa Kasarani, tofauti hiyo inatuhusu sana. Tatizo la kipimo ni neuraminidasi, kimeng'enya cha kirusi kinachoikata sukari hiyo, hivyo lazima kipatiwe dawa yake isiharibu kipimo.