Nikinyamaza si ndo nabariki dhambi?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mama mchungaji. Mimi ni dada wa miaka 24, niko Mbeya, nimeokoka huu mwaka wa pili na naimba kwaya. Kuna kaka aliokoka mwaka jana kwenye mkutano wa injili, tukampokea vizuri tu akaja kwaya, ila pombe hakuacha, watu wamemkuta baa mara mbili tatu. Nikaandika kwenye grupu la WhatsApp la kwaya kwamba mtu hawezi kushika bia Jumamosi halafu maiki Jumapili. Jina sikumtaja ila wote walijua. Akatoka kwenye grupu, na kanisani huu mwezi wa pili haonekani. Wenzangu wananilaumu. Mama, nikinyamaza si ndo nabariki dhambi?

JIBU: Amina mwanangu. Kuumia ukiona dhambi ni kitu kizuri, usiache. Ila angalia ulichofanya, umeongea na kwaya nzima habari za mtu mmoja na huyo mmoja hujaongea naye hata siku moja. Bwana Yesu kwenye Mathayo 18:15 anaanzia wapi? "Wewe na yeye mkiwa peke yenu." Kwahiyo hakuna anayekwambia unyamaze, umeambiwa uanzie kwake.

Sasa fungua Matendo 13 usome habari za Yohana Marko. Alitoka na Paulo na Barnaba safari ya injili, walipofika Perge akawaacha akarudi zake Yerusalemu. Sura ya 15 Barnaba anataka wamchukue tena, Paulo akakataa kabisa, wakagombana mpaka wakaachana, Barnaba akamchukua Marko wakapanda meli kwenda Kipro. Na hapa ndo huwa naumia kila nikisoma, maana huyo Paulo mwenyewe alipookoka alienda Yerusalemu wanafunzi wakamwogopa, hawakuamini kama kweli ni mwanafunzi, na aliyemshika mkono akampeleka kwa mitume ni Barnaba huyohuyo (Matendo 9:27)! Yaani alishavumiliwa, ila ilipofika zamu yake kumvumilia kijana akashindwa. Miaka imepita Paulo yuko kifungoni anamwandikia Timotheo, "Umtwae Marko, umlete pamoja nawe, maana anifaa kwa utumishi." Biblia haituambii Barnaba alimfanyia nini Marko huko Kipro, inatuambia tu alimchukua wakaenda pamoja, mimi hilo linanitosha.

Na mimi nilivyookoka nilikuwa na ulimi mkali sana, nilishagombana na karibu kila mtu pale kanisani, mama mmoja wa umoja wa wanawake akawa ananipitia kila Jumatano twende wote maombi, hakuwahi kunitajia ulimi wangu mpaka siku nilipomwambia mwenyewe nikilia. Ilichukua karibu miaka minne mwanangu, na wewe huyu kaka umempa mwaka.

Habari ya kama aimbe au apumzike kwanza, hilo ni la viongozi wa kwaya na mchungaji wako, waachie.

Wewe rudi kwenye grupu lilelile uandike kwamba ulikosea kumsema ndugu yako mbele za watu, mistari miwili inatosha, usianze kujitetea. Halafu mtafute yeye, ila kwa kuwa wewe ni dada na yeye ni kaka usiende peke yako, nenda na kaka mmoja wa kwaya anayemwamini. Mwombeni msamaha kisha mkae mumsikilize. Pombe msiitaje siku hiyo. Ataitaja mwenyewe siku akiona mnamjali, na akiitaja msikimbilie kumkemea, mwulizeni Jumamosi jioni akitoka kazini huwa anaenda wapi na yuko na nani, maana mara nyingi mtu anayeokoka leo marafiki wote alionao ni wa baa, sasa nyie mkimwacha jioni hiyo anaenda kwa nani? Huyo kaka wa kwaya awe anamwalika kwake Jumamosi wale pamoja, hata viazi na chai tu.

Akikataa kuwafungulia mlango mrudi tena wiki ijayo. Nipe majibu ukishaonana naye, nawaombea wote wawili.