Kwa kijana wa viazi karai: usitie sahihi huo mkopo

Mdogo wangu, usitie sahihi hiyo karatasi ya mkopo wa sako. Salamu utanisamehe, nitakusalimu siku nyingine.

Nimesoma uliyoandika. Wauza viazi karai Kisauni, karai moja, wewe na ndugu yako, na saa mbili usiku vimekwisha na watu bado wamepanga foleni. Sasa wataka kukopa ili upange chumba kikubwa, menyu ya vyakula 34, pizza, baga, biriani, samaki wa kupaka, juisi za kila rangi, vijana wa kupeleka chakula majumbani, na watuuliza ununue mashine gani ya mauzo, leseni za kaunti ni zipi, na bora Nyali ama Mtwapa. Katikati umemtaja mshauri wa biashara aliyekwambia kwamba biashara ya kitu kimoja haikui. Hapo ndipo damu ilipochemka. Maneno hayohayo niliuziwa mimi, na niliyalipa.

Mimi nauza mahamri na mbaazi za nazi, Majengo, hapa Mombasa. Kazi yenyewe waijua: unga wa ngano, sukari, iliki, hamira, tui, mafuta. Mbaazi zimelowekwa tangu jana, zachemshwa mpaka zilainike, tui zito latiwa mwisho. Unga wakandwa usiku, waumuka sisi tumelala, alfajiri twasukuma, twakata, twatia mafutani. Wateja ni madereva wa tuktuk, makuli wa bandarini, walimu, na kina mama wanaomtuma mtoto na bakuli. Mtu afungiwa zake aondoka, ama ala amesimama. Saa tatu asubuhi nimeshaosha sufuria.

Faida ya biashara kama hiyo haionekani mpaka uipoteze. Pakiti ya kilo mbili ya unga najua yatoa mahamri mangapi. Nikijua zimefunguliwa pakiti ngapi, nikahesabu yaliyobaki kwenye beseni, nikatazama pesa za kwenye simu na za kwenye mkebe, najua pale pale nimesimama kama kuna kilichoibwa, kilichoungua ama kilichokopeshwa bila kuandikwa. Daftari la siku nzima ni nusu ukurasa. Nikiugua, binti wa dadangu anasimama mahali pangu na hakuna anayejua tofauti, kwa sababu hakuna jambo la kumfundisha ambalo halijui tayari.

Basi akaja mshauri wangu mimi. Tulikutana kwenye semina ya wafanyabiashara wadogo, amevaa koti katika joto la Februari, na kompyuta ya mkononi. Akaja mpaka kwangu, akala mahamri yangu, akasifu, kisha akanitolea michoro ya miaka mitano. Akasema mteja akija kwangu ananunua vitu viwili tu, na nikiwa na vitu thelathini atanunua zaidi. Akasema haba na haba hujaza kibaba. Mimi mtu wa Pwani, ukinipigia methali nalegea. Lakini kibaba chenyewe kilikuwa na tundu chini, na kila haba aliyoniongezea ilikuja na tundu lake. Baadaye nikaja kujua kwamba friza na mashine ya mauzo aliyonichagulia, alikuwa anakula kamisheni kwa muuzaji. Mtu wa namna hiyo hawezi kukwambia ubaki na karai moja. Karai moja haina kamisheni.

Nikafungua mkahawa. Hebu nikueleze hiyo menyu ilifanya nini, maana hapo ndipo pesa zilipokwenda, na hapo ndipo nataka usome polepole.

Mahamri na mbaazi vyala karibu vitu vilevile: nazi ileile, jiko lilelile. Pizza yataka jibini, na jibini haiendi kwa kitu kingine chochote nilichokuwa nauza. Ukiuza pizza mbili Jumatatu na hakuna hata moja mpaka Alhamisi, jibini imeshaota ukungu, na pesa ya zile pizza mbili hailipi nusu ya jibini. Biriani yataka mpishi wake, nyama yake, na sufuria inayokalia jiko tangu asubuhi. Juisi zataka maembe leo, parachichi leo, pasheni leo, kesho yote yameiva kupita kiasi. Ndani ya hiyo menyu ndefu, vyakula vitano sita ndivyo vilivyokuwa vinatoka. Vingine vyote vilikaa pale kungoja mteja mmoja, na ili vimngoje ilikuwa lazima ninunue, nihifadhi, nitupe, ninunue tena.

Halafu friza. Nilijaza kamba na nguru kwa sababu Desemba wageni wa bara wanashuka. Stima ikakatika Ijumaa usiku, ikarudi Jumapili. Sitaki kuelezea harufu. Muulize yeyote aliyewahi kufungua friza ya kamba baada ya siku mbili za joto la Mombasa, atakwambia.

Na wallahi, kamba hawakuniuma kama asubuhi zangu. Kuna mzee mmoja wa bandarini, alikuwa anafika saa kumi na mbili kasorobo, mahamri manne na mbaazi za kumiminwa juu, sahani ya bati, amesimama. Asubuhi moja akafika akakuta jiko langu limekaliwa na sufuria ya biriani ya mchana, mpishi anakata vitunguu mahali pa kusukumia unga, na mimi niko nyuma nabishana na mashine ya mauzo iliyogoma kutoa risiti. Mahamri hayajatiwa mafutani. Mzee akangoja, akatazama saa, akatazama ile menyu ya rangi ukutani, akaniambia, "Mama, kwako siku hizi ni hoteli. Mimi nataka mahamri tu." Akavuka barabara. Kule ng'ambo palikuwa na dada mmoja na karai lake, hana hata ubao. Wiki ile nikaanza kuwaona wateja wangu wa miaka mingi wamesimama kwake na sahani mkononi.

Ndiyo hasara yenyewe. Vyakula vipya havikukaa pembeni ya mahamri, vilikalia jiko la mahamri, muda wa mahamri, macho yangu na usingizi wangu. Kile kilichokuwa kinalisha nyumba kikawa kitu kimoja kati ya thelathini, na hakuna aliyekiangalia.

Na hesabu je? Sikujua tena chochote. Jioni mashine inatoa karatasi ndefu, mauzo mazuri, na pesa hazipo. Nyama imeibwa? Imekatwa kubwa? Imeungua? Nani ajue, na watu wengi jikoni, kila mmoja anachota kwenye gunia lake. Kila niliyemwajiri alitaka mshahara, na kila anayeshika chakula alitaka cheti cha afya cha kaunti, ambacho kinapimwa upya kila miezi 6.

Kuna na la kodi, ambalo huyo mshauri wako naapa hajakutajia. Tangu Julai 2023, kodi ya mauzo kwa biashara ndogo ni asilimia 3, kwa anayeuza zaidi ya shilingi milioni 1 kwa mwaka mpaka milioni 25. Milioni 1 kwa mwaka ni kama shilingi 2,740 kwa siku, na kwa foleni unayoisema huenda umeshapita hapo. Inatozwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Sahani ya biriani ya shilingi 400 ikikubakishia 20 baada ya nyama, mchele, makaa na mpishi, kodi ni 12 kati ya hizo 20. Kiazi kinachokubakishia nusu ya bei hakijali asilimia 3. Vile vyakula vya kujazia menyu, vyenye faida nyembamba, ndivyo vinavyokufanyisha kazi bure.

Mshauri wako atakupigia mfano wa M-Pesa, wangu alinipigia na mimi. "Tazama, unatuma, unakopa, unaweka akiba, unalipa kila kitu." Ndiyo, leo. Mwulize ilianzaje. Majaribio ya 2005 yalikuwa ya watu kulipa mikopo midogo kwa simu. Watu wenyewe wakawa wanaitumia kutumiana pesa. Wenye kazi wakaona, wakaweka mikopo kando, na Machi 2007 wakaja na neno moja, tuma pesa nyumbani, na ukiwa na simu ndogo ya mulika mwizi yatosha. M-Shwari, ya kukopa na kuweka akiba, ilikuja mwisho wa 2012. Miaka zaidi ya mitano kazi yake kubwa ilikuwa kutuma na kutoa pesa, mpaka nchi nzima ikazoea.

Na hizo baga unazotaka kuweka: ndugu wawili McDonald, kule San Bernardino, California, mwaka 1948 walikuwa na mkahawa unaowaingizia pesa. Wakaufunga, wakafuta sehemu kubwa ya menyu, wakabaki na vitu 9, wakawaondoa wahudumu waliokuwa wanapeleka chakula kwenye magari. Baga za McDonald's zinazojulikana dunia nzima zimetoka kwenye kupunguza.

Mimi nimerudi kwenye mahamri yangu. Sasa kanuni yangu, na ndiyo hii moja tu ninayokupa. Kitu kipya kikihitaji bidhaa mpya, chombo kipya ama mtu mpya, hakiingii. Hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Hata mteja akiomba, hata jirani akiuza.

Usidhani kanuni hiyo inakufunga. Ramadhani ikiingia, mahamri ya asubuhi hayana mteja Majengo. Zamani nilikuwa nafunga mwezi mzima. Siku hizi alasiri natoa kaimati za futari: unga uleule, hamira ileile, sukari, iliki, tui, karai lilelile, mikono yangu ileile. Hakuna kitu hata kimoja nilichokwenda kununua ambacho hakikuwepo jikoni kwangu, na zinakwisha kabla ya adhana ya magharibi.  Chai ya maziwa nimekataa, maana maziwa ni bidhaa mpya, tena yanaharibika, na kila siku kuna mtu ananilaumu kwa hilo. Na alaumu.

Kwako wewe, angalia ulichonacho: viazi, uji wa unga wa manjano, mafuta, ukwaju, pilipili. Ukikata kiazi vipande vyembamba badala ya kukichemsha, umepata bhajia. Uji wa unga ndio huo, karai ndilo hilo, chatne ndiyo hiyo, ndugu yako ndiye huyo. Na kabla ya bhajia kuna jambo lililo karibu zaidi: viazi vinakwisha saa mbili na watu wako kwenye foleni. Hao hawakuomba pizza. Wameomba kiazi, na wamekosa. Gunia la ziada la viazi ni pesa ya wiki hii, halitaki mkopo, halitaki mshauri, halitaki Nyali.

Nenda soko la Kongowea alfajiri ukaongeze hilo gunia. Chemsha zaidi mchana, uanze kuuza saa moja kabla ya wakati wako wa kawaida, uone foleni inaishia saa ngapi. Fanya hivyo mpaka mwisho wa mwezi, uandike kila jioni viazi vilivyoingia na pesa zilizotoka. Ikifika siku vinabaki, ndipo uanze bhajia. Tarehe moja leta hizo hesabu hapa, nitakaa nazo tuzipitie mstari kwa mstari, na mshauri wako mwambie unangoja jibu langu.