Kiwango cha mwitikio huanzia kwenye orodha, si kwenye majibu

Ukiletewa data ya utafiti wa kaya utafute kiwango cha mwitikio, yaani asilimia ya kaya zilizojibu kati ya zilizopaswa kujibu, usikimbilie jedwali la majibu. Fungua kwanza orodha ya sampuli: kaya zote zilizochaguliwa, kila moja na namba yake, zilizojibu na zisizojibu. Nimeshughulikia madodoso ya wakulima Mbeya na Njombe kwa miaka kadhaa, na huu ndio ushauri ninaowarudia zaidi vijana wanaoanza kazi hii.

Kwa kawaida utakuta majedwali matatu. La sampuli lina mstari mmoja kwa kila kaya. La ziara lina mstari kwa kila mara mdadisi alipopiga hodi. La majibu mara nyingi lina mstari kwa kila swali. Ukiunganisha kwa kuanzia majibu, kaya zilizokataa na zilizokutwa zimefungwa hutoweka, na hesabu inakupa asilimia 100. Ukianzia sampuli lakini ukahesabu mistari, kaya iliyofuatwa mara tatu inahesabiwa mara tatu, na unaweza hata kuvuka 100. Kwa hiyo lifupishe kwanza jedwali la ziara, kila kaya ibaki na mstari mmoja wenye matokeo ya mwisho, ndipo uliunganishe na sampuli. Kwenye SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, ni LEFT JOIN kutoka sampuli, amri inayobakisha kila mstari wa sampuli hata usio na mwenzake. Kwenye Excel, ongeza safu moja kwenye orodha ya sampuli na utumie COUNTIF kuangalia kama namba ya kaya imo kwenye majibu.

Na uunganishe kwa namba ya kaya, kamwe si kwa jina la mkoa. Njombe ilimegwa kutoka Iringa mwaka 2012, Songwe kutoka Mbeya mwaka 2016. Orodha ya zamani itasema wilaya ya Mbozi iko Mbeya, kishikwambi cha mdadisi kitasema Songwe, na kaya zilizojibu vizuri kabisa zitaonekana hazikujibu.

Linalohitaji busara zaidi ni namba ya kugawia. Tuseme sampuli ni kaya 400, nyumba 20 zimebomolewa au hazina mtu anayeishi humo, na kaya 323 zimejibu. Unagawa 323 kwa 380, si kwa 400: asilimia 85. Lakini nyumba iliyofungwa si nyumba isiyo na watu. Watu wengi wa Makete wana biashara zao Mbeya, Makambako au Dar es Salaam. Msimu wa kupanda, familia nyingine hushinda shambani tangu alfajiri. Hao ni watu wa kuhesabiwa kama hawakupatikana. Kuwaondoa kwenye namba ya kugawia ni kupamba kiwango, na mkulima ambaye sauti yake haikusikika anafutwa hata kwenye hesabu ya waliokosekana. Ndiyo maana huwa nawasisitizia wadadisi waandike sababu ya kila ziara kwa msimbo, wasiache wazi.

Ukitaka kiwango cha wilaya kadhaa kwa pamoja, usitafute wastani wa asilimia. Rungwe ikiwa na kaya 200 na mwitikio wa asilimia 90, Makete kaya 50 na asilimia 60, wastani unakuambia 75. Jumlisha kaya zenyewe: 210 kati ya 250, yaani asilimia 84. Kisha kwenye ripoti andika zote mbili, ya jumla na ya kila wilaya, maana hiyo 84 peke yake inaificha Makete.