Neno "base" lisikuangushe: ushauri kwa wanafunzi, wazazi na wakulima wa Nyanda za Juu Kusini

Mwanafunzi wa sekondari hapa Mbeya anaweza kukutana na neno "base" kwenye kipindi cha hisabati, akalikuta tena kwenye kemia, likamfuata hadi baiolojia, na jioni akalisikia kwenye taarifa ya habari za vita. Kila mahali lina kazi yake. Mtoto huyu amemaliza darasa la saba akisoma kwa Kiswahili, halafu kidato cha kwanza akabadilishiwa lugha ghafla kuwa Kiingereza. Anachofanya ni kufungua kamusi, kuchukua maana ya kwanza anayoiona na kuing'ang'ania. Nafundisha kemia na hisabati masomo ya jioni huku Mwanjelwa, na nimeona vijana wenye uwezo mkubwa wakipoteza alama kwa sababu hiyo tu. Inaniuma, kwa sababu wanasoma kwa bidii.

Ushauri wangu wa kwanza ni huu: usiandike kwenye daftari "base ni msingi" ukaishia hapo. Andika neno pamoja na majirani zake. Likitajwa pamoja na kimo, tuko kwenye jometri. Likiwa na asidi na chumvi, tuko maabara. Likiwa na jeni, tuko ndani ya seli. Likiwa na ndege, meli au askari, ni habari ya jeshi. Kisha jiulize: hapa, kitu gani kimekitegemea kitu gani? Swali hilo limewasaidia wanafunzi wangu kuliko fasili yoyote niliyowahi kuwaandikia ubaoni.

Tuanze na jeshi, kwa kuwa maana yake inaonekana kwa macho. Kiswahili chetu kina maneno kadhaa hapo, na si vizuri kuyachanganya. Kambi ni mahali askari wanapokaa. Kikosi ni watu wenyewe na uongozi wao. Ngome ni mahali palipojengwa ili adui asiingie. Ndege za kivita na manowari huwa na vituo vyake. Mzazi ambaye kijana wake amemaliza kidato cha sita na kupangiwa JKT ataona kwenye orodha "841 KJ Mafinga" au "844 KJ Itende". KJ ni Kikosi cha Jeshi, na namba ni ya kikosi. Mafinga na Itende ndiko kambi ilipo. Unapopiga simu kuulizia usafiri au vifaa vya kuja navyo, taja vyote viwili, utajibiwa haraka.

Lakini kwa wanaopanga vita, neno hili ni zaidi ya majengo. Ni mahali chakula, risasi, dawa na askari wapya vinapotoka kwenda mbele, na majeruhi wanaporudishwa. Jeshi lililokatwa na kituo chake lina siku chache tu za kupigana. Na sisi wa huku hatuhitaji kwenda Ulaya kutafuta mfano. Jina la Iringa lenyewe linatokana na neno la Kihehe, lilinga, yaani ngome. Agosti 1891 Wahehe waliwashinda Wajerumani pale Lugalo na kumuua kamanda wao, Emil von Zelewski. Jina la Lugalo leo linatumika Dar es Salaam, kwenye kambi na hospitali ya jeshi. Wajerumani walirudi, na Oktoba 1894 wakaivunja ngome ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, pale Kalenga. Ngome ilianguka, lakini vita havikuisha. Mkwawa aliendelea kupigana porini hadi alipojiua mwaka 1898 ili asikamatwe. Aliwezaje bila ngome? Watu walimlisha, wakamficha na kumpa habari. Kituo chake kilikuwa ndani ya nyumba za watu, na ndiyo maana Wajerumani, baada ya kujenga boma lao Iringa, waliwaandama wananchi waliokuwa wakimsaidia. Ninapofundisha maana ya kijeshi ya neno hili, huanza na Kalenga, na sijawahi kurudia mara mbili.

Kwenye hisabati nitapita haraka, maana Kiswahili cha shule ya msingi kimeshakusaidia. Upande wa chini wa pembetatu uliuita kitako, ukajifunza nusu ya kitako mara kimo. Usiisahau elimu hiyo kwa sababu tu kitabu kipya ni cha Kiingereza. Kwenye namba, ni kizio: tunahesabu kwa kizio cha kumi, kompyuta kwa kizio cha mbili, na dakika zetu bado ni za kizio cha sitini tulichorithi kutoka Babeli ya kale. Kwenye logi, kizio ni namba inayopandishwa kipeo. Shika hili la logi, tutalihitaji muda si mrefu.

Sasa kemia, ambako ndiko machozi mengi yapo.

Besi ya kemia ilipewa jina hilo kwa sababu yenye akili. Mwaka 1754 mkemia Mfaransa Guillaume-François Rouelle alieleza jinsi chumvi zinavyotokea. Asidi nyingi walizozijua wakati huo zilikuwa vimiminika, na nyingine zilikuwa zinaruka hewani zikipashwa moto. Zilipokutana na vitu fulani zilitulia, zikawa chumvi ngumu unayoweza kuishika. Vitu hivyo ndivyo vilivyoipa chumvi mwili wa kusimama, na ndiyo sababu akaviita msingi wa chumvi. Unaona swali letu linavyojibiwa? Chumvi imesimama juu ya besi.

Fasili zilizofuata zilibadilika kadiri watu walivyoelewa zaidi. Svante Arrhenius wa Sweden, miaka ya 1880, alifungua njia ya kusema kwamba besi ni kitu kinachotoa ioni za haidroksidi ndani ya maji. Mwaka 1923 wakemia Brønsted na Lowry, kila mmoja kwa upande wake, wakasema besi ni kile kinachopokea protoni, yaani ioni ya haidrojeni. Mwanafunzi wa kidato cha pili huuliza kwa nini amonia ni besi wakati kwenye fomula yake hakuna OH. Hilo ni swali zuri sana, na jibu lake ni hiyo fasili ya 1923: amonia inapokea protoni kutoka kwa maji, na maji ndiyo yanayobaki kuwa haidroksidi. Mwalimu asimkemee mtoto anayeuliza hivyo.

Jambo jingine linalowatesa ni besi na alkali. Alkali ni besi inayoyeyuka kwenye maji. Kwa hiyo kila alkali ni besi, lakini si kila besi ni alkali. Oksidi ya kopa ni besi, ila ukiitia majini inakaa chini pale pale. Neno alkali lilitoka kwenye Kiarabu na lilihusu majivu ya mimea, na majivu hayajakosekana jikoni kwetu. Chukua majivu ya kuni, loweka kwenye maji, chuja. Chemsha rosela uipoze, halafu tia kidogo kwenye maji ya majivu na kidogo kwenye maji ya limau. Kwenye limau itabaki nyekundu, kwenye majivu itageuka kuelekea bluu au kijani. Sihitaji maabara ya gharama kumwonesha mtoto asidi na besi. Mama anayetia magadi kwenye maharage ili yaive upesi anatumia besi vilevile, na ni vizuri ajue kwamba magadi hayo yanaharibu sehemu ya vitamini B1. Kuloweka maharage usiku kucha kunatosha.

Hapa naomba nisisitize, hasa kwa vikundi vya akina mama na vijana wanaotengeneza sabuni mtaani. Watu wengi wanaogopa asidi na kuidharau besi. Kostiki soda ni besi kali: inaunguza ngozi, na ikiingia jichoni inaweza kupofusha. Unapoichanganya, mimina soda kidogo kidogo ndani ya maji. Kamwe usimwage maji juu ya soda, maana inachemka na kuruka. Vaa glovu na miwani. Usiiweke kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, hata kwa dakika moja, kama nyumbani kuna mtoto. Ikikurukia, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda mrefu, kisha nenda hospitali. Usipake limau ukidhani unaizimua, utaongeza jeraha.

Baiolojia inaogopesha bila sababu. Besi za DNA, kile kinachobeba jeni ndani ya seli, ni nne: adenini, thimini, guanini na sitosini. Adenini hukaa na thimini, guanini na sitosini, kama wanasayansi Watson na Crick walivyoonesha mwaka 1953. Zinaitwa besi kwa sababu ile ile ya kemia: zina naitrojeni inayoweza kupokea protoni. Basi mbona DNA yenyewe inaitwa asidi? Kwa sababu uti wake umejengwa kwa fosfeti, na hiyo ndiyo sehemu ya asidi. Mwanafunzi akishaelewa hilo, masomo mawili yanakuwa rafiki.

Nirudi kwenye logi. Kipimo cha pH, alichokileta Søren Sørensen wa Copenhagen mwaka 1909, kinatumia logi ya kizio cha kumi. Kwa hiyo kizio cha hisabati na besi ya kemia vinakutana kwenye namba moja. Saba ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni besi, na kila hatua moja ni mara kumi. Udongo wa pH 5 una asidi mara kumi kuliko wa pH 6. Mkulima anayeona 5 na 6 kama namba zilizokaribiana atafanya uamuzi wa hasara.

Na hili ndilo linalonigusa zaidi, maana familia yangu inalima Mbozi. Huku kwetu mvua ni nyingi, na kwa miaka mingi inasomba kalisi na magnesi kutoka kwenye udongo, ambao unabaki na asidi. Mbolea zenye amonia, na urea pia, zikitumika mwaka baada ya mwaka zinaongeza asidi hiyo. pH ikishuka chini ya 5.5, aluminiamu iliyomo kwenye udongo inaanza kuyeyuka na kuharibu mizizi, na fosforasi uliyoinunua kwa fedha nyingi inashikwa udongoni, mmea usiipate. Ndiyo maana mtu anaongeza DAP, mbolea yenye fosforasi, na mahindi bado yanadumaa.

Ukipima udongo utaletewa karatasi yenye mstari wa pH na mstari mwingine wa "besi", kwa asilimia. Mkulima anadhani ni kitu kimoja. Sivyo. Wataalamu wa udongo wanapotaja besi hapo wanamaanisha kalisi, magnesi, potasi na sodi zilizoshikwa kwenye chembe za udongo, na asilimia hiyo inaonesha sehemu iliyojaa virutubisho hivyo badala ya aluminiamu na haidrojeni. Ni maana ya tano, na ndiyo inayogusa chakula chetu moja kwa moja. Soma mistari yote miwili, kisha mwombe afisa ugani akueleze kiasi cha chokaa kwa shamba lako, kwa sababu udongo wa mfinyanzi unahitaji zaidi ya kichanga hata kama pH ni ile ile. Magnesi ikiwa pungufu, ulizia chokaa ya dolomaiti.

Chokaa ni besi, na mawe yake tunayo Songwe. Lakini usiitie kila mahali. Chai ya Rungwe na Mufindi inapenda udongo wa asidi, na viazi mviringo ukivitia chokaa nyingi vinapata ukurutu. Maharage na mahindi ndiyo yatakayokushukuru. Chokaa inafanya kazi polepole, kwa hiyo chukua sampuli za udongo kiangazi, Julai au Agosti, kutoka sehemu mbalimbali za shamba, uzichanganye. Chokaa uimwage na kuifukia mapema, mvua za Novemba zikute imeshaingia ardhini.