Kliniki Yetu Imekaguliwa: Maswali ya Wasomaji na Majibu

SWALI: Ndugu Mhariri, tunaishi Uingereza mimi, mume wangu, watoto wetu na mama mkwe. Kliniki ya madaktari wa familia tuliyojisajili imekaguliwa hivi karibuni na kupewa daraja la "Inahitaji Kuboreshwa." Nimeisoma ripoti yote. Kasoro zimetajwa katika usalama wa huduma, hasa ufuatiliaji wa wagonjwa wanaotumia dawa zinazohitaji vipimo vya mara kwa mara, lakini katika kuwajali wagonjwa imepewa "Nzuri." Daktari wetu ni mtu wa utu sana, anamjua mama kwa miaka mingi na hamkatizi anapoeleza shida zake. Mama anatumia methotreksati kwa ajili ya baridi yabisi. Mume wangu anasema tuhame mara moja, nami naona tutakuwa tumemdhulumu daktari aliyetutendea mema, maana daktari anayependwa hivi hastahili kutiliwa shaka. Ripoti hizi hupima nini hasa, na tufanye nini? – Mama wa nyumba, Uingereza.

JIBU: Dada yangu, pole kwa wasiwasi, na hongera kwa kuisoma ripoti yote, maana wengi huishia kwenye daraja lililobandikwa ukutani. Katika Uingereza, ukiacha Scotland, Wales na Ireland Kaskazini ambako kuna taratibu nyingine, ukaguzi huu hufanywa na Tume ya Ubora wa Huduma, maarufu kwa kifupi chake CQC. Tume hiyo ilianza kazi mwaka 2009, kliniki za madaktari wa familia zikaingia chini yake mwaka 2013, na madaraja unayoyaona leo yakaanza kutolewa mwaka uliofuata. Wakaguzi huuliza mambo matano: je, huduma ni salama, inaleta matokeo, inatolewa kwa kujali, inaitikia mahitaji ya watu, na inaongozwa vizuri? Kila jambo hupewa daraja lake kati ya manne, kuanzia lile la juu kabisa hadi lile la "Haitoshelezi," kisha likatolewa daraja la jumla. Ndiyo maana kliniki moja inaweza kusifiwa kwa upole wake na ikakosolewa kwa usalama wake katika ripoti hiyo hiyo, bila ripoti kujipinga.

Upole mnaushuhudia wenyewe kila mnapoingia chumbani kwa daktari, ilhali usalama kwa sehemu kubwa uko mahali ambapo mgonjwa hafiki: katika kumbukumbu za kompyuta, katika jokofu la chanjo, katika faili la mafunzo ya wafanyakazi, na katika utaratibu wa kuhakikisha kwamba majibu ya vipimo yaliyofika Ijumaa jioni yamesomwa na mtu na kufanyiwa kazi. Mkaguzi hutumwa huko kwa niaba yenu.

Chukua hiyo methotreksati ya mama. Ni dawa nzuri kwa baridi yabisi, lakini inaweza kudhoofisha uboho unaotengeneza damu na kuumiza ini bila mgonjwa kuhisi chochote mwanzoni, na kwa sababu hiyo anayeitumia kwa muda mrefu hupimwa damu takriban kila miezi mitatu. Mtaalamu wa tiba anayeandamana na wakaguzi huitafuta orodha ya wagonjwa wote wa kliniki wanaopewa dawa hiyo, kisha hufungua kumbukumbu zao mmoja mmoja. Anatazama tarehe ya cheti cha mwisho cha dawa na tarehe ya kipimo cha mwisho cha damu. Akikuta cheti kimetolewa mwezi uliopita na kipimo cha mwisho ni cha mwaka jana, ameona hatari ambayo daktari mpole kuliko wote anaweza asiione, kwa kuwa dawa za kurudiwa huidhinishwa nyingi kwa pamoja, mara nyingi bila mgonjwa kuwapo. Pumu hukaguliwa kwa namna hiyo hiyo: uchunguzi wa kitaifa wa vifo vya pumu uliochapishwa mwaka 2014 ulitaka kila mgonjwa aliyepewa zaidi ya inhela 12 za kutuliza ndani ya mwaka mmoja aitwe haraka, kwa sababu wingi huo ni dalili kwamba ugonjwa haujadhibitiwa.

Hata hivyo, kasoro ya namna hii haimaanishi lazima kwamba mama hakupimwa. Huenda damu yake ilipimwa hospitalini, majibu yakabaki huko, na kliniki ikaendelea kuandika dawa kwa kuamini kwamba wenzao wanafuatilia. Bado ni kosa, kwa kuwa anayetia sahihi cheti ndiye anayepaswa kuwa ameyaona majibu, lakini ni kosa linalorekebishika kwa utaratibu mzuri, na mara nyingi hurekebishwa kabla wino wa ripoti haujakauka.

Kuhusu hoja yako kwamba daktari anayependwa hastahili kutiliwa shaka, niruhusu nikukatalie kwa heshima. Harold Shipman alikuwa daktari wa familia katika mji wa Hyde, karibu na Manchester, na wagonjwa wake wengi walimpenda na kumwamini. Januari 2000 alitiwa hatiani kwa kuwaua 15 kati yao, na uchunguzi wa umma ulioongozwa na Jaji Janet Smith ulihitimisha mwaka 2002 kwamba waliouawa walikuwa 215. Siutaji mkasa huo ili kumfananisha daktari wenu na mtu yule, hasha. Ninautaja kwa sababu ulionyesha kwamba mapenzi ya wagonjwa, peke yake, hayawezi kuwa kipimo cha usalama, na kwamba lazima awepo mtu wa nje anayetazama dawa za kulevya zinazotolewa, vyeti vya vifo na kumbukumbu. Daktari mwaminifu hapotezi kitu kwa kutazamwa hivyo.

Upande wa pili wa mizani ni mzito pia, na hapa mume wako anapaswa kusikiliza. Kutibiwa na daktari yule yule kwa miaka mingi kuna thamani inayopimika: mapitio yaliyochapishwa mwaka 2018 yalikusanya tafiti 22 kutoka nchi mbalimbali, na 18 kati yake zilionyesha kwamba wagonjwa wanaoendelea kumwona daktari mmoja wana viwango vidogo vya vifo. Mkihama, mama ataanza upya na mtu asiyemjua, na kumbukumbu zake zitalazimika kusomwa na mgeni.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba msihame kwanza, bali muulize. Ombeni miadi na mfamasia wa kliniki au daktari mwenyewe, mkaulize kipimo cha mwisho cha damu cha mama kilifanyika lini, nani aliyasoma majibu, na kijacho ni lini. Mkijibiwa papo hapo kwa tarehe, mambo yameanza kunyooka. Mkizungushwa, andikeni malalamiko kwa meneja wa kliniki, au mkipenda kwa bodi ya huduma jumuishi, yaani chombo kinachosimamia huduma za afya za eneo lenu, kisha msipotendewa haki mnaweza kufika kwa msuluhishi wa malalamiko ya huduma za afya. Uliza vilevile kuhusu kundi la wagonjwa, ambalo kila kliniki inatakiwa kuwa nalo kwa mujibu wa mkataba wake. Huko ndiko mnakoweza kuona mpango wa marekebisho na kuuliza umefikia wapi. Ningebadili ushauri wangu iwapo ukaguzi wa marudio ungekuta kasoro ile ile haijaguswa. Kliniki iliyoonyeshwa hatari kwa maandishi na ikaiacha palepale haistahili kukabidhiwa mama.

SWALI: Mimi ni mpokezi katika kliniki ndogo ya madaktari wa familia, nami niko hapa hapa Uingereza. Wakaguzi wanakuja, na msimamizi wangu ameniagiza nijaze nafasi zilizo wazi katika daftari la joto la jokofu la chanjo, siku ambazo hakuna aliyepima. Anasema ni jambo dogo. Nifanye nini? – Mpokezi.

JIBU: Usijaze, mwanangu. Chanjo huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na daftari hilo ni ushahidi muhimu kwamba sindano anayochomwa mtoto bado ina nguvu. Ukiandika nyuzi 5 kwa siku ambayo hakuna aliyelifungua jokofu, unakuwa umewahakikishia wazazi jambo usilolijua. Baadhi ya chanjo huharibiwa na kuganda kuliko hata na joto, na zikishaharibika zinaweza kuonekana kwa macho kama zile nzima.

Nafasi iliyo wazi iache wazi, andika pembeni tarehe ya leo, jina lako, na sababu ya kutopimwa kama unaijua. Kama jokofu lina kifaa kinachorekodi joto chenyewe, ombeni kumbukumbu zake zisomwe, kwa kuwa huenda zikathibitisha kwamba hakuna lililoharibika. Ikigundulika kwamba joto lilitoka nje ya kiwango, chanjo zitengwe kwenye baridi sahihi na kuwekewa alama, zisitumiwe wala zisitupwe mpaka mtengenezaji na kitengo cha chanjo cha eneo lenu watoe maelekezo. Wakaguzi wazoefu wamezoea kukuta daftari lenye mapengo. Wanachotaka kujua ni mlifanya nini mlipoligundua pengo. Lakini mwandiko mmoja, kalamu moja na tarakimu ile ile kwa wiki tatu mfululizo humfanya mkaguzi alitilie shaka kila daftari jingine la kliniki, na hapo jambo dogo limekwisha kuwa la uongozi.

Najua unaogopa kupoteza kazi, na hofu hiyo si ya kubezwa. Mwambie msimamizi kwa adabu kwamba hutaweza, na mpendekezee njia niliyoieleza, kwa kuwa inamlinda hata yeye. Akishikilia, zungumza na daktari mwenye dhamana ya kliniki. Sheria ya mwaka 1998 ya kuwalinda wanaofichua mambo kwa maslahi ya umma inamlinda mfanyakazi katika hali kama hii, na Tume yenyewe hupokea taarifa za wafanyakazi moja kwa moja, hata bila kutaja jina.

SWALI: Kliniki ninayotaka kuhamia ina daraja la "Nzuri," lakini ripoti ni ya mwaka 2017. Niiamini? – Msomaji.

JIBU: Ichukue kama habari ya mwaka 2017. Madaktari wanastaafu, mameneja wanabadilika, idadi ya wagonjwa inaongezeka. Mapitio ya utendaji wa Tume yaliyoongozwa na Dakta Penny Dash, yaliyotolewa mwaka 2024, yalikuta mapungufu makubwa, yakiwemo madaraja yaliyopitwa na wakati na vituo ambavyo havijawahi kupewa daraja kabisa. Kwa maoni yangu, daraja la zamani namna hiyo linapaswa kuonyeshwa kwa umma likiwa na tarehe yake kwa herufi kubwa sawasawa na neno "Nzuri."

Tafuta basi vitu vipya zaidi: matokeo ya dodoso la kitaifa la wagonjwa, ambalo hutolewa kila mwaka kwa kila kliniki, na takwimu za chanjo za watoto na uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi. Kisha piga simu asubuhi kama mgonjwa, uulize inachukua muda gani kumwona daktari yule yule mara mbili.