"Until" iliyonigharimu posho ya wapakuzi

Mwaka wangu wa kwanza wa ukalimani hapa Goma, dereva mkuu alinipigia simu akiwa njiani: malori matatu ya unga yatakuwa Goma hadi Alhamisi. Nikaketi kwenye kompyuta, nikamwandikia shefu: "The trucks will be in Goma until Thursday." Nikausoma ujumbe mara mbili, nikajipongeza. Jumanne asubuhi shefu akaita wapakuzi kumi na wanne. Walikuja na matambara yao ya mabegani, wakakaa chini ya ukuta wa depo, wakanywa chai na maandazi, jua likawachoma, mchana mvua ikawanyeshea. Lori hakuna. Jumatano vilevile.

Kwa Kiingereza changu, malori yalikuwa yameshafika na yangeondoka Alhamisi, ndiyo maana shefu aliharakisha. Dereva yeye alitaka kusema kwamba Alhamisi haitapita kabla hayajaingia. Hiyo ni "by Thursday". Wapakuzi walidai posho ya siku mbili, na haki ilikuwa yao. Ya siku moja niliilipa mimi kutoka mfukoni.

Wadogo zangu mnaoingia sasa kwenye biro, yaani ofisi, za mitaa yetu ya Himbi na Katindo, hii "by" na "until" ndiyo ninayowaomba muanze nayo, kabla hata ya yale maneno marefu mnayopenda kuyakariri. "Hadi" yetu ni kama chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo: inapakiwa makaa na viazi kwa pamoja na inakwenda. Tunasema "nitalala hadi saa kumi na mbili", tunasema pia "leta ripoti hadi Ijumaa", na hakuna anayekosea, kwa sababu kitendo chenyewe kinatuelekeza. Kulala kunaendelea usiku kucha. Kuleta ripoti hakuendelei. Huwezi kushinda wiki nzima mlangoni kwa shefu unaileta. Kiingereza kinataka uonyeshe tofauti hiyo kwa kineno. Kinachoendelea kisha kikakoma ni "until": "I will sleep until six." Kinachotokea mara moja, siku ile au kabla yake, ni "by": "Send the report by Friday."

Ukikwama, kumbuka Kifaransa cha shule. Palipo na "jusqu'à" ya kitu kinachoendelea, weka "until". Pale ambapo ungesema "d'ici vendredi", weka "by". Na "by Friday" siyo "before Friday": ya kwanza inakupa Ijumaa yenyewe, ya pili inakufungia mlango Alhamisi jioni.

Lakini Kifaransa hichohicho kinatuponza kwingine. Kwa sababu ya "depuis trois ans", sisi wa Kivu tumezoea kusema "niko hapa tangu miaka mitatu", halafu mtu anafika kwenye usaili na "I am working here since three years." Nimeisikia mara nyingi kuliko kosa lingine lolote, hata kutoka kwa watu wenye lisansi, shahada ya chuo kikuu. "Since" inataka mahali pa kuanzia: "since 2021", "since Monday". Ukiwa na kipimo, yaani miaka mitatu, wiki mbili au dakika kumi, tumia "for", na kitenzi kibadilike: "I have worked here for three years." Mimi hujiuliza: je, naweza kukiweka hiki kitu kidole kwenye kalenda? Jumatatu naweza, basi "since". Miaka mitatu siwezi, basi "for".

"On time" na "in time" hapa Kifaransa kinatuokoa tena, maana kinazitenga kama Kiingereza: "à l'heure" na "à temps". Chukueni mfano wa boti ya Bukavu. Imeandikwa itang'oa nanga saa moja na nusu asubuhi, ikaondoka saa moja na nusu kamili: "The boat left on time." Wewe motari wako, yaani dereva wa bodaboda, kaishiwa mafuta njiani, ukafika bandarini ukikimbia, mkoba kichwani, kamba ikiwa inafunguliwa, ukaruka ndani: umefika "in time". Hukuwa "on time" hata kidogo, kwani abiria walitakiwa kufika mapema. Lakini boti hukuikosa.

"In the end" na "at the end" zisiwasumbue, Kiswahili kimeshawatengenezea. Panapokaa "mwishoni mwa", andika "at the end of": "at the end of the month". Panapokaa "hatimaye", andika "in the end". Mshahara hulipwa "at the end of the month". Baada ya kuzungushwa weee, "in the end" ukalipwa.

Hizi "at", "on" na "in" za kawaida mlifundishwa, sirudii zote. Kinachopotea ni kimoja tu. Mtu wa Goma hasahau Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, kwa hiyo tumieni hiyo. Ulilipuka "in 2002", "in January 2002", lakini "on 17 January 2002", kwa sababu siku imetajwa. Ukalipuka tena Jumamosi moja jioni. Jioni peke yake ni "in the evening", ila ukiifunga kwenye siku yake, siku inashinda: "on Saturday evening", "on the evening of 22 May 2021". Usiku nao una tabia yake, "at night", na sina sababu ya kuwapa.

"In two days" ni ya kuogopwa kidogo. "I will call you in two days" maana yake baada ya siku mbili. Lakini "I will do it in two days" yaweza kuwa baada ya siku mbili, au kazi yenyewe itachukua siku mbili. Kama unaahidi kwamba siku mbili hazitaisha kabla hujamaliza, andika "within two days".

Halafu kuna saa yenyewe. Kineno kinaweza kuwa sahihi na bado mkakosana: kijana mmoja aliandika "at 8" kichwani mwake ikiwa saa nane mchana, mgeni akafika asubuhi na kukuta mlango una kufuli. Andikeni 14:00, kisha siku na tarehe, hata kama mnaona ni kurudia.

Na ujumbe ukitoka Kinshasa ukisema "by 17:00", uliza ni 17:00 ya wapi, maana wao wako nyuma yetu kwa saa moja. Mwezi uliopita mdogo wangu mmoja wa biro alikuja karibu kulia, akaniita "Yaya" kama tunavyowaita wakubwa wetu: "Yaya, imeshafika 17:10 na jedwali halijaisha." Nikamwambia awaulize kwanza. Ilikuwa ya kwao. Akaketi, akasahihisha safu mbili zilizokuwa hazijumlishi vizuri, akatuma 17:40 ya hapa, akaandika juu yake: "Sent on time."