Maswali ya Wasomaji: Aliyeweka Zote Anastahili Kiasi Gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, tulikuwa wanne tukicheza poka ya Texas Hold'em isiyo na kikomo cha dau. Kabla karata za mezani hazijafunuliwa, mmoja aliweka shilingi 2,000, zote alizokuwa nazo. Wa pili akaweka 5,000 zake zote. Wa tatu akaweka 9,000. Mimi, niliyekuwa nimekwisha kutoa 500, nikajitoa. Yule wa 2,000 ndiye aliyekuwa na karata bora, akadai fedha zote. Je, ni haki yake? – Msomaji, Nairobi

JIBU: Ndugu msomaji, si haki yake. Mchezaji aliyeweka zote hushindania kwa kila mwenzake kiasi kile tu alichokiweka yeye mwenyewe, wala hawezi kuongeza fedha kutoka mfukoni mzunguko ukiwa unaendelea. Kanuni hii humlinda pia asiye na kitu kingi, kwa sababu bila hiyo tajiri wa meza angepandisha dau hadi wengine wote waondoke, hata wenye karata nzuri.

Kwa hiyo kitita kikuu kilikuwa 2,000 mara tatu, pamoja na 500 zako, ambazo hubaki humo ingawa ulijitoa: jumla 6,500, na hizo ndizo za mwenzenu. Shilingi 3,000 za ziada za mchezaji wa pili, na 3,000 kama hizo za wa tatu, zilipaswa kuwekwa kando kama kitita cha 6,000 kinachogombewa na hao wawili tu, na mwenye karata bora kati yao akakichukua hata kama ameshindwa na yule wa kwanza. Shilingi 4,000 zilizobaki za mchezaji wa tatu hazikupata wa kuzilipa, hivyo humrudia mwenyewe.

Nawasihi mvitenganishe vitita papo hapo, kabla ya kufunua karata inayofuata, kwani ugomvi mwingi huzaliwa pale fedha zinapochanganywa na kuhesabiwa mwishoni. Wakati wa kuonyesha karata, anzeni na kitita cha kando, kisha mmalizie na kikuu.

Kuna jambo jingine linalowaponyoka wengi. Wachezaji wawili wakibaki na fedha na kuendelea kuwekeana dau kando, atakayejitoa katika kitita cha kando amejitoa katika kikuu pia, hata kama karata zake zingemshinda aliyeweka zote. Vilevile, ikiwa dau la kwanza ni 1,000 na mwingine akaweka zote alizonazo, yaani 1,400, nyongeza hiyo ya 400 haifikii nyongeza kamili, ambayo hapa ni angalau 1,000 nyingine, sawa na dau la kwanza. Aliyekwisha kulipa 1,000, iwapo hakuna mwingine aliyepandisha, anaweza kuongeza 400 au kujitoa, lakini haruhusiwi kupandisha tena.